Kupimwa mtoto si kuitwa punguani



Natoa maoni yangu juu ya upimaji wa watoto wanaoshindwa masomo. Jambo hili likitajwa huku kwetu Mbagala, mzazi hununa, kwani hudhani mwanawe anapelekwa kwa waganga wa wendawazimu.

Nami nilidhani hivyo. Mwanangu alifika darasa la nne hawezi kusoma sentensi moja bila kukwama, ingawa dukani humpunji hata shilingi 50 ya chenji. Darasani kwao wamo watoto zaidi ya 100. Akawekwa nyuma, akachapwa, na wenzake wakampa jina ambalo sitaliandika hapa. Mwalimu mmoja mwenye huruma ndiye aliyetushauri tukampime.

Wazazi wenzangu, hakuna sindano. Kwanza tuliulizwa sisi, tena kwa muda mrefu: alizaliwaje, alitembea lini, alianza kusema lini, aliwahi kuugua nini. Hapo mke wangu alisita. Mtoto alipata degedege akiwa na miaka miwili, nasi tulificha hata kwa ndugu. Msifiche, maana mpimaji akikosa habari hiyo atapapasa gizani. Chukueni kadi ya kliniki na madaftari ya mtoto. Macho na masikio huchunguzwa mapema, kwani wapo wanaoitwa wazito kumbe hawaoni ubao.

Kisha mtoto hubaki na mpimaji. Wangu alipanga vipande vya mbao, akarudia tarakimu kutoka mwisho kuja mwanzo, akaeleza picha, akasoma kwa sauti na kuandika imla. Ilichukua asubuhi 2. Hapana kufaulu wala kufeli. Mama mmoja tuliyekuwa naye pale alimkaririsha binti yake usiku kucha, na mtoto akasinzia mezani! Alfred Binet wa Ufaransa, aliyetoa kipimo cha namna hii mwaka 1905 pamoja na mwenzake Simon, alikusudia watoto waliobaki nyuma wajulikane ili wasaidiwe.

Tuliambiwa akili ya mwanetu ni sawa na ya wenzake. Linalomshinda ni kuunganisha herufi na sauti zake. Wataalamu huliita disleksia. Nilikumbuka fimbo nilizomchapa mimi mwenyewe, nikashindwa kusema.

Kinachonikera ni yaliyofuata. Ripoti ilikuwa ya kurasa 6, zote kwa Kiingereza. Mimi ni seremala. Nilimwomba kijana wa jirani anisomee. Mtoto amepimwa kwa Kiswahili na mwalimu wake anafundisha kwa Kiswahili. Kiingereza hicho aliandikiwa nani? Iliagizwa akae mbele, asomewe maswali na aongezewe muda. Shuleni waliipokea, wakashukuru, wakaitia kabatini. Muhula umekwisha na bado yuko nyuma kule kule.

Wenzetu wa Kenya walianzisha huduma ya kupima watoto kwa ajili ya elimu tangu mwaka 1984. Sisi tunayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na Chuo cha Patandi kule Arusha kinafundisha walimu wa elimu maalumu. Kwa nini wataalamu wasipite kwa zamu katika kata za Temeke na Kinondoni, wakapima watoto huko huko shuleni, kisha wakaeleza majibu kwa Kiswahili, mzazi na mwalimu wakiwa wamekaa pamoja? Mkazi wa Chamazi au Bunju akisafiri na mtoto siku 2 mjini, kibarua kimepotea.

Nawaomba wahusika watujibu kupitia gazeti hili: ripoti ya mtoto ikishafungiwa kabatini, ni nani anayewajibika kuitoa?

Mzazi,
Mbagala Kizuiani,
Dar es Salaam.