Ushahidi wa Mlandizi

Ipo hoja inayopendwa na baadhi ya wanafunzi wa mambo ya Asia ya Mashariki: ati utafiti hauendelei kwa kuwa vitabu vilivyo bora viko Beijing, Tokyo au London. Nusu ya hoja hiyo ni kweli. Nusu ya pili ni uvivu.

Na waitazame Mlandizi. Jirani na mji huo, katika bonde la Ruvu, China ilisaidia kuanzisha shamba la serikali katika miaka ya 1960. Kusini yake, ndani ya Kisarawe, hupita reli ya TAZARA yenye kilomita 1,860, iliyojengwa tangu 1970 hadi 1975. Barabara ya kaskazini huelekea Bagamoyo, penye magofu ya Kaole. Na tangu 1955 Mortimer Wheeler, bingwa wa mambo ya kale, alikwisha kuonya kwamba historia ya pwani hii imeandikwa pia kwa vigae vya kaure za Kichina.

Ni wangapi waliokwenda kuwauliza wazee waliolima au kutandika reli pamoja na Wachina: walielewana kwa lugha gani, walifundishwa nini, waligombania nini? Kitabu kilichoko London kitangoja. Wazee hao hupungua kila mwaka, na mali bila daftari huisha bila habari.

Wapinzani watajibu kwamba masimulizi ya wazee si elimu ya China. Naam, peke yake hayatoshi. Hapana budi yapimwe kwa hati za Kichina. Lakini hapo ndipo ilipo aibu kubwa zaidi. Radio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, maana yake Wachina walijitaabisha kujifunza lugha ya Waafrika. Wasomi wengi wa Afrika Mashariki wangali wakiisoma China kwa Kiingereza, yaani kwa kusikia la jirani juu ya jirani. Nao hawana udhuru, maana Kichina hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho maktaba yake mpya, iliyofunguliwa 2018, ilijengwa kwa msaada wa China yenyewe.

Basi tasnifu juu ya China na Tanzania isiyo na neno la mzee wa Ruvu wala ukurasa wa Kichina isiitwe utafiti. Iitwe kwa jina lake: muhtasari wa vitabu vya Kiingereza.