Hesabu ya mbu na matangi ya Pipeline

Mwandishi, katika makala yako ya malaria umeiruka hesabu ya mbu, na hapo ndipo penye uzito. Mtafiti wa malaria Ronald Ross alionyesha tangu 1911 kwamba si lazima umalize mbu wote; wakipungua chini ya kiwango fulani, malaria huisha yenyewe. Miaka ya 1950 George Macdonald akatia mkazo kwenye umri wa mbu. Kimelea cha malaria aina ya falciparum huhitaji siku kama 12 ndani ya mbu, kwenye nyuzijoto 25, kabla mbu huyo hajaweza kuambukiza. Chukua mbu 100. Wakinusurika asilimia 90 kila siku, 28 hufika siku ya 12. Ikishuka iwe asilimia 80, wanafika 7 tu! Ndiyo maana neti yenye dawa, inayofupisha maisha ya mbu, ina nguvu kuliko tunavyodhani.

Baridi ya Nairobi imetukinga kwa sababu huzirefusha siku hizo za kimelea ndani ya mbu. Lakini sisi watu wa mtaa wa Pipeline hapa Nairobi tusilale. Anopheles stephensi, mbu anayestawi mijini, aligunduliwa Marsabit mwaka 2022, naye hutaga kwenye maji yaliyohifadhiwa. Sasa tazama ploti zetu, yaani majengo tunayopanga: mitungi ya lita 20 imejaa kwenye korido kwa sababu maji ni ya mgao, na huko juu ya paa tangi jeusi limekaa wazi, kifuniko kilipeperushwa zamani.

Wenye ploti, funikeni matangi. Na kaunti ikituma watu kusaka viluwiluwi vya mbu, wasiishie mitaroni, wapande hadi paani.