Kwenye Mashua Hakuna Chumba cha Pili

Kila mtu ana safari yake ya ndotoni. Yangu ilikuwa Ufaransa. Si Paris, hapana. Mimi nilitaka ile ya mfereji. Kusini mwa nchi ile kuna mfereji uitwao Canal du Midi, uliokamilika mwaka 1681, wenye urefu wa kilomita 240 hivi kutoka Toulouse hadi pwani ya Mediterania. Wapenzi hukodi boti yenye kitanda na jiko, huiendesha wenyewe bila hata leseni, na mwendo wao hauruhusiwi kuzidi kilomita 8 kwa saa. Yaani baiskeli ya Tanga inawapita! Wakifika kwenye lango la maji, mmoja anashika usukani, mwingine anashika kamba. Wiki nzima kazi yao ni kula, kulala na kuongea.

Nikamwonyesha mume wangu picha. Akaangalia bei ya tiketi za ndege, akanirudishia simu bila kusema neno. Siku mbili baadaye akaniuliza, "Kwani maji lazima yawe ya Ufaransa?"

Ndivyo tulivyojikuta Tanga, mwezi Februari, tumekodi mashua ya tanga yenye mashine ndogo ya akiba, nahodha mtu mzima na kijana wake mmoja. Siku nne: Tanga, Tongoni, Kigombe, Pangani, kisha Maziwe.

Kabla sijafika mbali, nikueleze tulivyokuwa. Tuna miaka sita ya ndoa, wote waajiriwa, tunaishi Dar. Kwa miezi tisa hivi mambo yalikuwa yamebadilika. Mshahara wa mwenzangu ulikuwa haufiki nyumbani kama zamani. Nikiuliza, naambiwa makato yameongezeka. Simu ikiita usiku, inapokelewa barazani, kwa sauti ya chini. Wewe unayesoma hapa umeshajua nilichofikiri. Nyumba ndogo. Nami nikajua, au nilidhani najua, na kwa sababu nilidhani najua sikuuliza. Badala yake nikajiunga na kikoba cha ofisini, nikawa naweka fedha kila mwezi, kimya kimya. Nikijiuliza ni za nini, najijibu "za dharura". Dharura yenyewe ilikuwa ni kuondoka.

Basi tukang'oa nanga saa 12 asubuhi. Tukapita mbele ya kisiwa cha Toten, ambacho jina lake ni la Kijerumani lenye maana ya wafu, mji wa Tanga ukabaki nyuma yetu na jua likachomoza. Kaskazi ilikuwa inavuma, ndio maana tulichagua Februari. Ukielekea kusini kipindi hicho upepo unakusukuma mgongoni. Ukija wakati wa kusi utapigana nao njia nzima. Nilimuuliza nahodha tutafika Tongoni saa ngapi. Akacheka. "Mwanangu, hapa hatwendi kwa saa. Twenda kwa maji."

Saa moja ya kwanza ilikuwa picha tupu. Saa ya pili mtandao ukaanza kukatika. Saa ya tatu nikagundua jambo ambalo wale wa picha za Ufaransa hawakunionyesha: mashua haina chumba cha pili. Nyumbani mkinuniana, mmoja anakwenda sebuleni, mwingine anaingia jikoni kugombana na sufuria. Hapa mlipo ndipo mlipo. Zaidi ya hapo, nikihamia upande aliokaa mwenzangu, nahodha anamwambia yeye ahamie wa pili ili chombo kisilale. Hata kununa kunahitaji mpangilio.

Tongoni tulishuka maji yakiwa yamekupwa, tukatembea kwenye tope hadi nchi kavu. Pale kuna magofu ya msikiti wa zamani na makaburi yapatayo 40, mengine yalikuwa na nguzo ndefu ambazo nyingi zimekwisha anguka. Mji ule ulikuwa hai na wenye biashara kabla Mreno hajaijua pwani hii. Aliyetutembeza akatupa kisa cha Vasco da Gama. Mwaka 1498, wakati wa kwenda India, meli yake moja, São Rafael, ilikwama kwenye miamba ya hapa jirani, ikanasuka maji yalipojaa. Wakati wa kurudi, mwaka 1499, mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa maradhi, waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote. Wakaichoma moto São Rafael wenyewe, papa hapa, ili zilizobaki zifike kwao. Mwenzangu alisikiliza kisa kile kwa makini kuliko kawaida yake. Mimi nikadhani ni jua.

Tulilala Kigombe, kijiji cha wavuvi. Samaki wa kupaka, wali wa nazi, usingizi saa 3 usiku. Maneno yetu siku nzima sidhani kama yalijaza ukurasa huu.

Kesho yake tulifika mbele ya Pangani saa 4 na nusu asubuhi, na nahodha akashusha nanga. Mto Pangani unapoingia baharini una fungu la mchanga mlangoni. Ilikuwa wakati wa bamvua, ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa pwani hii hupita mita 3, na maji yalikuwa yamekupwa kabisa. "Tutangoja mpaka saa 8," akasema, akajifunika kofia usoni. Mji tunauona. Boma la Wajerumani tunaliona. Kivuko kinakwenda Bweni na kurudi, tunakiona. Kuingia hatuwezi.

Tulikaa kimya kwa nusu saa. Kisha mume wangu akasema, akiangalia maji, "Kuna kitu nimekuficha."

Moyo ukanidunda. Nikajisemea, haya, limefika.

Alikuwa amemdhamini mdogo wake mkopo wa benki. Milioni 9, za duka la vipuri vya pikipiki. Duka lilikufa kabla ya mwaka, mdogo mtu akawa hapokei simu, na benki ikamgeukia mdhamini. Zile simu za barazani zilikuwa za ofisa mikopo. Yale makato yalikuwa ni hayo. Zimebaki milioni 5. "Niliona aibu," akasema. "Wewe ulinikataza kumdhamini, nikaweka sahihi hivyo hivyo."

Ningependa kukwambia kwamba nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilikasirika, nikapaza sauti mpaka kijana wa nahodha akajifanya anakagua nanga. Ningekuwa nyumbani ningebamiza mlango na kwenda kwa dada yangu Tabata, na huko tungemjadili hadi usiku wa manane. Hapa pa kwenda hapakuwepo. Nilipomaliza kufoka bado nilikuwa nimekaa naye magoti yakigusana, na bado ilikuwa saa 5 na robo.

Kwa hiyo ikabidi na mimi niseme. Nikamwambia kuhusu kikoba: milioni 2 na laki 4. Akaniuliza za nini. Nikamwambia ukweli. Akageuza uso kule kwenye mikoko, na kwa muda mrefu hakusema kitu. Kumbe, msomaji wangu, miezi ile tisa yeye alikuwa anaficha deni na mimi nilikuwa naficha nauli ya kuondokea. Sijui lipi kubwa.

Maji yalipojaa nahodha akaamka, kama kweli alikuwa amelala, akatuingiza mtoni.

Siku ya tatu tulipanda na Mto Pangani taratibu. Maji yale yanatoka mbali, kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, yanapita Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya Hale kabla ya kufika hapa. Kingo zimejaa minazi na mikoko, na usiweke mkono majini, mamba wapo. Upande wa kusini wa mto ni Kikogwe, ambako Mjerumani Richard Hindorf alileta mkonge mwaka 1893. Miche 1,000 ilitoka Florida, iliyofika hai ni 62. Kutokana na hiyo Tanganyika ikaja kuwa kinara wa mkonge duniani.

Mwenzangu ni mhasibu, namba zinamtuliza. Akaomba kalamu. Nyuma ya karatasi ya maandazi tukaandika kila kitu: kinachoingia, kinachotoka, deni, kikoba, kodi, ada ya mdogo wangu. Mara ya kwanza tangu tuoane tunaona hesabu zote mahali pamoja. Nikauliza, "Sasa tunafanyaje?" Akafikiri, akasema, "Gari ndiyo São Rafael yetu." Nikacheka bila kutaka. Gari tumeliuza. Daladala tunapanda.

Siku ya nne tulikwenda Maziwe, fungu la mchanga mweupe baharini linaloonekana maji yakipwa tu. Wazee wanakumbuka kisiwa chenye mivinje. Kilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1975, lakini miti ilimalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980 na mawimbi yakachukua ardhi. Kasa bado wanakuja kutaga, ingawa maji yakijaa yanafunika kila kitu, hivyo mayai huhamishiwa ufukwe wa Ushongo. Tuliogelea kwenye matumbawe, tukala machungwa ya Muheza, na nahodha alipopiga mluzi tukaondoka bila kubishana. Saa moja baadaye tulipokuwa tumesimama palikuwa bahari.

Je, tumepona? Sijui kama ndoa inapona kama malaria. Bado nina hasira na shemeji yangu. Mume wangu, akiniona na kitabu cha kikoba, kuna kitu kinapita usoni mwake. Lakini simu inapokelewa sebuleni sasa.

Ukitaka kujaribu, usisubiri Ufaransa. Patana bei kabla ya kupanda, na ujue kama chakula kimo. Dai majaketi ya kuokolea, ya kukutosha, na chombo kisicho nayo usipande hata kama nahodha ni babu yako. Uliza maji yanajaa na kupwa saa ngapi, Maziwe hasa. Tongoni na Maziwe weka fedha ya kiingilio. Beba kofia, maji ya kunywa ya kutosha, na dawa ya kichefuchefu.

Watu husema Tanga ni waja leo waondoka leo. Sisi tulikwenda kwa siku nne. Na kama mwenzako ana jambo na wewe una lako, mpeleke mahali ambapo itabidi mngoje maji yajae. Saa tatu zinatosha.

Tukutane mwezi ujao.