Dawa Nyingi Si Dawa

Wako watu wanenao ya kwamba shamba la pamba likiingiwa na nzi weupe, shauri ni moja tu: kutia dawa, na wasipokufa, kutia tena. Husema, "Dawa ya moto ni moto." Neno hili ni tamu masikioni, lakini kwa mdudu huyu ni upotevu. Mambo yaliyotokea Gezira, katika nchi ya Sudan, yamekwisha kulihukumu.

Gezira ni uwanda mkubwa kati ya mito miwili ya Nile, ambako pamba ililimwa kwa wingi kwa maji ya mifereji tangu bwawa la Sennar lilipokwisha mwaka 1925. Hapo kwanza wakulima walinyunyiza dawa mara chache. Kufika msimu wa 1978/79, shamba lilinyunyizwa karibu mara 9. Je, nzi weupe walikwisha? La, hasha! Mdudu aliyekuwa mdogo wa cheo akawa adui mkuu. Maji yake matamu yaliidondokea pamba iliyofunuka, ukungu mweusi ukaota, nyuzi zikanata katika mashine za kusokotea, na bei ikashuka.

Sababu yake ni wazi. D.D.T. iliyotiwa kwa ajili ya wadudu wengine iliwaua pia nyigu wadogo na buibui, ambao chakula chao ni nzi weupe. Lakini nzi mweupe hukaa chini ya jani, na watoto wake hugandama hapo hapo. Dawa imwagwayo kwa juu haiwafikii vema. Wasaliao ni wale wawezao kuistahimili, nao huzaa walio kama wao. Basi mkulima alitoa fedha yake kuwaua walinzi wa shamba lake mwenyewe.

Mwaka 1981 D.D.T. ilikatazwa katika pamba ya Sudan. Watafiti nao wakafundisha kwamba watu wahesabu wadudu majanini kwanza, wala wasinyunyize kwa kuona wachache tu. Kunyunyiza kukapungua.

Labda mtu atauliza, "Je, tukae tukiangalia pamba ikiharibika?" Sivyo. Dawa ina saa yake, lakini ni ya mwisho, si ya kwanza. Ng'oeni mashina ya pamba ya zamani mapema, ili mdudu asipate makao mpaka msimu ujao. Geuzeni majani, mkahesabu. Msiharakie dawa mwanzo wa msimu, wakati wadudu walinzi wanapoongezeka. Ikiwapasa kuitia, ifike chini ya jani, wala msirudie aina ile ile kila mara.

Naye akuambiaye kutia dawa kabla hajageuza hata jani moja, mwulize: je, anakutafutia pamba, au anatafuta kuuza dawa?