Sanaa na Sayansi Zisitenganishwe

Katika shule nyingi za sekondari nchini upo mpaka ambao haukuandikwa katika kanuni yoyote, lakini kila mwanafunzi anaujua. Upande mmoja wapo wanaosoma fizikia, kemia na hisabati. Hao ndio huitwa wenye akili. Upande wa pili wapo wanaosoma lugha, historia na sanaa. Hao huambiwa, hata na baadhi ya walimu wao, kwamba sayansi imewashinda. Yule mwenye kipaji cha kuchonga, kuchora au kutengeneza ala za muziki hana upande wowote. Kipaji chake huhesabiwa kuwa mchezo wa baada ya saa za masomo.

Mgawanyo huu ni kasumba ya kikoloni. Shule ya mkoloni ilitaka makarani wa kunakili barua, haikutaka watu wa kubuni na kutengeneza vitu. Kabla yake, mhunzi aliyeyeyusha chuma ndiye aliyejua pia kulipamba jembe la heshima. Mjenzi wa jahazi alikisia mkunjo wa mbao na nguvu ya upepo, kisha akaichonga omo ya chombo ikapendeza machoni. Neno kukereza ni la zamani katika Kiswahili, kwa sababu mafundi wa pwani walikuwa wakikereza miguu ya vitanda kwa mashine za mkono tangu zamani. Hakuna aliyewauliza kama wao ni wasanii au ni mafundi.

Ukweli kwamba sanaa, sayansi na ufundi ni kazi moja unaonekana wazi katika mti wa mpingo, unaoota kwa wingi katika misitu ya kusini mwa Tanzania na ng'ambo ya Ruvuma, nchini Msumbiji. Mpingo hukua polepole mno. Huchukua miaka 70 hadi 100 kabla haujafaa kuvunwa. Kiini chake ni cheusi, kigumu na chenye mafuta, na meta moja ya ujazo huwa na uzito wa kilo 1,200 au zaidi, kiasi kwamba ukitupwa majini huzama. Kwa kuwa haunywi unyevu kwa urahisi, haupindi ovyo, na ukitobolewa tundu hubaki na kingo safi kama chuma. Ndiyo maana klarineti nyingi bora zinazopigwa katika kumbi za muziki duniani zimetengenezwa kwa mpingo.

Lakini mti peke yake si klarineti. Katika karne ya 19 aliishi mjini Munich, Ujerumani, mtu aliyeitwa Theobald Boehm. Alikuwa mfua dhahabu kwa kazi aliyojifunza, na mpiga filimbi hodari katika bendi ya mfalme. Filimbi za siku zile zilikuwa na kasoro kubwa: matundu yake yalitobolewa mahali ambapo vidole vya mpigaji vingeweza kufika, wala si mahali ambapo sauti sahihi ilitaka yawepo. Boehm alijifunza elimu ya sauti, akapiga hesabu ya urefu wa hewa inayotetema ndani ya filimbi, akaweka kila tundu mahali pake pa haki. Kisha, kwa mikono ya mfua dhahabu, akabuni pete na vifuniko vya chuma vya kuviwezesha vidole kuyafunga matundu yasiyofikika. Alitoa filimbi ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1832, na nyingine bora zaidi mwaka 1847. Mafundi wa Paris wakauchukua ujuzi huo na kuutia katika klarineti kuanzia mwaka 1839.

Hapo ndipo mpingo ulipopata soko lake. Vyuma hivyo vilihitaji mti unaoweza kushika skrubu bila kulegea wala kupinda, na miti laini iliyotumika awali ilishindwa kazi hiyo. Kwa hiyo mti wa Kilwa na Nachingwea ukakutana na hesabu za sauti na ufundi wa sonara. Kama Boehm angeambiwa utotoni achague ama muziki ama sayansi ama ufundi, kazi hiyo isingefanyika.

Je, ujuzi wa namna hiyo haupo kwetu? Upo. Wachongaji wa Kimakonde waliotoka Msumbiji na kufika Dar es Salaam katika miaka ya 1950 walikuja na tezo na patasi, na wakaipa dunia vinyago vinavyohifadhiwa leo katika majumba ya makumbusho ya nchi nyingi. Mchongaji wa Kimakonde huutambua mti uliooza ndani kwa kuugonga na kuusikiliza. Hujua pia kwamba gogo likikauka kwa haraka litapasuka. Hiyo ni sayansi, ingawa haijaandikwa kitabuni. Hali kadhalika marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, alisifika ulimwenguni kwa kupiga marimba za mkono na zeze, na alikuwa pia mtengenezaji wa ala. Fundi wa marimba hizo husogeza ulimi wa chuma mbele au nyuma mpaka sauti ikubali, maana ulimi mfupi hutoa sauti ya juu na mrefu hutoa sauti ya chini. Juu ya tundu la sanduku hubandika utando wa buibui ili sauti ivume. Mwalimu wa fizikia anayefundisha mtetemo kwa michoro ya ubaoni peke yake angepata somo kamili katika chombo hicho kimoja.

Kinachokosekana ni kuwakutanisha watu hawa. Sehemu kubwa ya mpingo unaouzwa kwa watengenezaji wa ala huondoka nchini ukiwa vipande vilivyopasuliwa tu. Thamani kubwa huongezwa ng'ambo, kwa wenye vyuo vya muziki, maabara za sauti na karakana za vyuma zinazofanya kazi pamoja. Tangu mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya mpingo na jamii yake imewekewa masharti ya vibali. Mwaka 2019 ala za muziki zilizokwisha kutengenezwa zikaondolewa katika masharti hayo. Maana yake ni kwamba klarineti husafiri bila kizuizi, na kipande cha mti bado hudaiwa karatasi. Anayeuza kitu kilichokamilika yuko huru zaidi kuliko anayeuza malighafi.

Lazima pia kujikosoa. Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza mbele ya Bunge kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Mwaka 1967 Elimu ya Kujitegemea ikataka kazi ya akili na kazi ya mikono zifundishwe pamoja. Baadaye kikaja Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo mwaka 1973, Baraza la Sanaa la Taifa mwaka 1984, na Tume ya Sayansi na Teknolojia mwaka 1986. Vyombo hivi ni vya maana, lakini kila kimoja kilizaliwa katika nyumba yake. Mchongaji anayetaka kujua namna bora ya kukausha mpingo usipasuke hajui abishe hodi wapi. Na mara nyingi maofisa wameukumbuka utamaduni siku ya kupokea wageni uwanjani, ngoma zikalia, kisha wasanii wakasahauliwa hadi mgeni mwingine.

Wapo watakaosema kwamba nchi inayohitaji dawa, barabara na maji haina nafasi ya kufikiria klarineti. Hoja hiyo inasikika kuwa ya busara, lakini ina kasoro. Mkono uliozoea kupima tundu la zumari kwa usahihi ndio mkono utakaotengeneza vali ya pampu ya kijiji. Jicho lililofundishwa kuchora ndilo linaloona kosa katika ramani ya daraja kabla daraja halijajengwa. Taifa lisilobuni katika sanaa litaendelea kununua ubunifu wa wengine katika kila jambo jingine.

Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la mwaka 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari. Ni hatua njema, na hatari yake ni moja: mkondo huo ukigeuzwa kuwa mahali pa kutupia waliofanya vibaya katika mitihani, kasumba ile ile itakuwa imerudi kwa jina jipya. Wakuu wa shule na maofisa elimu ndio watakaoamua jambo hilo, kwa namna watakavyopanga ratiba na kuwagawa walimu.

Hatua za kuanzia hazihitaji fedha nyingi. Mwalimu wa fizikia na mwalimu wa sanaa wapewe kipindi kimoja katika karakana moja. Wachongaji na mafundi wa ala waalikwe kufundisha, na walipwe posho ya haki hata kama hawana vyeti. Ofisa misitu, ofisa utamaduni na ofisa biashara wa wilaya zenye mpingo wakutane, badala ya kila mmoja kuandika taarifa yake na kuifungia katika jalada lake.

Vijiji kadhaa vya Kilwa vimekwisha kuonyesha njia. Mwaka 2009 misitu yao ilipata cheti cha kimataifa kinachothibitisha kwamba huvunwa bila kuteketezwa. Wanavijiji hao wanalinda miti ambayo mingi itakomaa baada ya wao kuondoka duniani. Wamefanya sehemu yao. Sasa ni zamu ya shule na ofisi za serikali kuhakikisha kwamba siku miti hiyo itakapokomaa, watakuwapo vijana wa Kitanzania wanaojua kuigeuza kuwa muziki.