Katuni si za kunawa mikono tu

Jamani, hebu tuulizane. Mara ya mwisho kupewa kitabu cha katuni hapa kambini, kilisema nini? Nawa mikono. Lala ndani ya chandarua. Peleka mtoto chanjo. Sawa, sikatai, kipindupindu si mchezo. Lakini ndiyo yote tunayostahili kuchorewa?

Mimi nataka Kusadikika ya Shaaban Robert ichorwe.

Kwa wasioijua: ilitoka mwaka 1951. Ni habari za nchi ya kubuni. Wajumbe sita wanatumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, walete maarifa. Kila anayerudi na wazo jipya anatupwa gerezani. Karama, aliyeshtakiwa kwa kufundisha sheria, anasimama mbele ya mfalme na kuwatetea. Niambie, mtoto wa mkimbizi atashindwa kuelewa hiyo? Wazazi wa wengi wetu walikimbia kwa sababu ya kusema tu.

Shida ni lugha. Sisi tuliotoka Kivu, Kiswahili chetu ni kingine. Niliwasomea wadogo zangu, ukurasa wa tatu wote wamelala. Kesho yake nikachukua chaki, nikachora mjumbe anafungwa pingu huku bado ana vumbi la safari. Wakaruka wote: “Yaya, alikosa nini?” Hapo ndipo nilipofungua kitabu tena, na safari hii hakuna aliyesinzia.

Najua kuna walimu wanasema katuni zinaleta uvivu. Halafu, Kusadikika karibu yote ni maneno ya mahakamani, hotuba utaichoraje? Hoja hiyo ina uzito. Lakini tazameni Ari Folman na David Polonsky, waliogeuza shajara ya Anne Frank kuwa katuni mwaka 2017. Huyo binti naye familia yake ilikimbia Ujerumani ikaenda Uholanzi. Walichora maisha ya mafichoni, ila kuna kurasa waliziacha maneno matupu, kwa sababu picha ingemnyima sauti yake. Na sisi tufanye hivyo: safari zichorwe, nyuso za mahakamani zichorwe, utetezi wa Karama tumwachie Shaaban mwenyewe. Katuni iwe mlango. Mlango si nyumba.

Ndugu zetu wa mashirika, hatuombi mradi mkubwa. Tunaomba karatasi nzuri, penseli, wino, na mtu wa kutusaidia kuandika barua ya kuomba ruhusa kwa wenye haki ya kitabu. Nakala chache za kitabu chenyewe pia ziwekwe maktaba, maana mtoto akimaliza picha atakitafuta.

Wachoraji tunao. Vibao vya vinyozi vya kambi nzima, vile vyenye vichwa vya kila mtindo, nani alivichora? Basi huyo anayejua kuchora kichwa kilichonyolewa, ashindwe vipi kuchora uso wa mfalme anayeambiwa ukweli?

Tuanze na mjumbe wa kwanza. Kurasa nane tu.