Kina si Usawa: Tuifundishe Lugha ya Bahari

Kila zinapotolewa habari za tabianchi, twaambiwa kwamba “kina cha bahari kinapanda”. Kwa kuwa nafundisha isimu, naona kauli hiyo ina madhara kuliko kosa la sarufi. Kina ni kipimo cha maji kutoka juu hadi sakafuni. Kinachopanda na kushuka ufukweni ni usawa wa bahari. Mwanafunzi asiyetenganisha mawili hayo atashindwa kueleza yanayotukia Likoni, Kisauni au kwenye hori za Changamwe.

Kiswahili cha pwani kiliyapanga mambo haya zamani. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi uandamapo na uwapo mpevu huja bamvua: tofauti baina ya kujaa na kupwa hapa Mombasa hupita mita 3, na gari lipandalo feri ya Likoni maji yakiwa yamepwa hukuta mteremko mkali. Baada ya juma moja hivi huwa maji mafu, na tofauti hiyo hupungua sana.

Juu ya mwendo wa mwezi pana mwendo wa pepo: kaskazi tangu Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili hadi Oktoba hivi, na maleleji katikati. Pepo hizi husukuma maji na kuibadili mikondo. Mkondo wa Somalia hugeuka kabisa kwa kufuata msimu. Kwa hiyo usawa wa wastani hutofautiana kwa sentimita kadhaa. Ni kidogo mbele ya bamvua. Lakini bamvua likikutana na kusi kali, mawimbi hupanda juu ya maji yaliyokwisha kujaa, na ufuo huliwa. Chini ya yote hayo, joto la dunia linauinua usawa wenyewe mwaka hata mwaka.

Asemaye “kina” huyavuruga yote matatu. Matokeo yake, mmoja atadhani kila bamvua ni gharika. Mwingine atapuuza tahadhari ya kweli akidhani ni bamvua la siku zote.

Huenda mwalimu akasema mtihani hauulizi maleleji. Namkumbusha kwamba hata “kusini” na “kaskazini” ni maneno yaliyotokana na pepo hizi. Basi na aandike ubaoni usawa, bamvua na kusi, kisha awatume wanafunzi ufukweni wakapime kwa kijiti chenye alama, mwezi hata mwezi.